Barua ya wazi kwa wanaosimamia tiba ya usingizi: saa nne zenu, usiku wangu

Waheshimiwa mnaosimamia huduma za afya, bima na ugavi wa vifaa tiba,

Kwanza niwashukuru kwa mashine. Nalisema hili mapema ili nitakapofika mbele asitokee mtu wa kuniita mtovu wa shukrani. Mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge usingizini, iliyo pembeni mwa kitanda changu imenirudishia asubuhi nilizokuwa nimezisahau, na bila saini ya mmoja wenu nisingeipata. Lakini mashine hiyohiyo iliwahi kufungiwa kabatini wiki kadhaa, na katika faili langu mkaandika kwamba mgonjwa hana ushirikiano. Nawaandikia kuhusu wiki hizo.

Ugonjwa wangu unaitwa apnia ya usingizi. Mtu akishalala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, na pumzi hukatika kwa sekunde 10, 20, hata zaidi ya 40. Ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo kama aliyeibuka kutoka majini, kisha analala tena bila kukumbuka chochote. Wataalamu huhesabu matukio hayo kwa kila saa ya usingizi: chini ya 5 ni hali ya kawaida, kuanzia 5 ugonjwa ni hafifu, kuanzia 15 ni wa wastani, 30 na kuendelea ni mkali. Mimi nilikutwa na 38. Yaani takriban kila dakika moja na nusu kuna mtu ananikaba, ananiachia, ananikaba tena, mpaka kunakucha. Na siko peke yangu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walio na ugonjwa huu duniani ni milioni 936, na wenye hali ya wastani au kali ni milioni 425.

Ilinichukua miaka sita kufika kwenye hiyo 38. Mimi ni mwanamke, mwili wangu si mkubwa, na sikoromi kwa ile ngurumo ambayo watu wakitajiwa ugonjwa huu ndiyo wanayoifikiria. Malalamiko yangu yalikuwa uchovu, kichwa kuuma asubuhi, na kuamka mara nne kwenda haja ndogo. Nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Nikaambiwa ni umri. Nikaandikiwa vidonge vya usingizi, mimi ambaye shida yangu yote ilikuwa inaanza nikishalala! Aliyegundua ni Baba Watoto, usiku mmoja alipokosa usingizi yeye, akabaki ananisikiliza huku ameshika saa. Asubuhi akaniambia, "Mama, wewe usiku unaacha kupumua. Nimehesabu mpaka thelathini." Haya nayapita haraka, maana siku hizi madaktari wengi wanajua kwamba wanawake huja na dalili za namna yao. Ila ile fomu ya maswali manane inayotumika sana kuwachuja wagonjwa humpa mtu alama moja kwa kuwa mwanamume tu, na nyingine kwa kukoroma kwa sauti. Anayeishika fomu hiyo akumbuke aliyekaa mbele yake ni nani.

Sasa nije kwenye siku ya kukabidhiwa mashine. Nilihesabu dakika kumi na moja, na nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nimesimama. Mhudumu, kijana mwenye adabu na foleni ndefu nyuma yangu, alinionyesha pa kuwashia, pa kuchomeka bomba, pa kutia maji. Akaniweka barakoa usoni, nikiwa wima vilevile, akasema, "Inakukaa, mama." Nikasaini mahali patatu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha kumi na mbili; yangu haikuwamo. Masharti ya matumizi na urejeshaji wa mashine, hayo nilipewa kwa lugha yangu, ukurasa mzima, kwa herufi nzito.

Barakoa inayokukaa ukiwa umesimama haijakuahidi kitu. Ukilala, mashavu yanahama. Ukilalia ubavu, mto unaisukuma. Ukiota, unafungua mdomo. Saa nane za usiku nilikuwa na uso mwingine kabisa, na barakoa ile haikuwahi kutambulishwa kwake.

Halafu kuna jambo la nguvu ya hewa, ambalo naomba mnivumilie nilieleze kwa kituo, maana ndilo lililonishinda. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Mashine kama yangu huanzia chini na kujipandisha yenyewe inapohisi koo linafunga. Yangu niliachiwa kama ilivyotoka kiwandani: chini 4, juu 20. Kwenye karatasi inaonekana ni busara, iachieni uwanja wote itajitafutia. Kitandani si hivyo. Mimi niliyevikwa barakoa ya kufunika pua na mdomo, 4 niliiona ni hewa ya kubahatisha. Nilijihisi napumulia kitambaa kilicholowa. Nikaivua. Nikaivaa. Nikapitiwa na usingizi, na baadaye usiku mashine ikawa imepanda mlimani huko, upepo unatokea pembeni ya pua na kunipiga machoni, na sauti ni ya puto linalopungua hewa. Nikaamka mdomo mkavu, tumbo limejaa gesi kwa hewa niliyoimeza, na Baba Watoto yuko macho ananitazama kwa huruma ya mtu ambaye naye hajalala.

Usiku wa tatu yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, alikuja na utepe ili azibe vitundu vidogo vilivyo mbele ya barakoa, tukidhani ndimo upepo unamovujia. Binti yetu ndiye aliyetuzuia. Alikuwa amesoma kwamba vitundu vile vimewekwa makusudi ili hewa unayoitoa iende zake, usije ukaivuta tena usiku kucha. Waheshimiwa, hilo halikuwamo katika dakika kumi na moja.

Nikapiga namba iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Ikaitika sauti iliyorekodiwa, nikaacha maelezo yangu: kidonda juu ya pua, macho mekundu, kukosa hewa mwanzoni mwa usiku. Baada ya siku tisa nikajibiwa kwa ujumbe wa maneno matatu: "Endelea kuizoea tu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sina shaka aliyeandika ujumbe ule analala vizuri. Usiku wa kumi na mbili niliikunja bomba lake nikaifungia kabatini.

Wiki ya tano ikaja barua. Ilinieleza kwamba kwa mujibu wa takwimu sijafikisha saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya siku, na nisipofikisha, mashine itachukuliwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ndani yake mna modemu, na kwamba kila asubuhi ilikuwa ikipeleka habari zangu kwa watu. Mtu, au kompyuta ya mtu, aliona kwamba usiku wa kwanza nimeivaa dakika 50. Akaona usiku wa pili saa moja na nusu. Akaona hewa inavuja kupita kiasi, akaona nguvu inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Yote hayo aliyaona tangu siku ya pili, wakati bado nilikuwa najitahidi. Hakunipigia. Alingoja siku zitimie ndipo aandike.

Nikaanza kuitafuta hiyo namba 4, imetoka wapi. Inajulikana zaidi kwa kutumiwa na Medicare, bima ya serikali ya Marekani: saa 4 au zaidi, asilimia 70 ya usiku, ndani ya siku 30 mfululizo katika miezi mitatu ya mwanzo. Ukiifuata nyuma unafika kwenye utafiti wa mwaka 1993 uliofuatilia wagonjwa 35. Watafiti walihitaji mpaka wa kumtenga mtumiaji wa kawaida na asiye wa kawaida, wakauweka hapo, na chini kidogo ya nusu ya wagonjwa wao ndio waliouvuka. Mstari uliochorwa ili kupanga data ukageuka mstari wa kunyang'anyia watu mashine.

Na kama ni tiba mnayoijali, mstari wenyewe umekaa vibaya. Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kusinzia mchana, kwa jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojihisi, hupata nafuu kwenye karibu saa 4. Kukipimwa kwa vipimo vya maabara huhitaji karibu saa 6. Na uwezo wa mtu kumudu shughuli zake za siku huzidi kupanda hadi saa 7 na nusu. Zaidi ya hapo, usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri, na katika usingizi huo misuli hulegea mno, hivyo kwa wengi wetu pumzi hukatika zaidi. Anayevaa barakoa saa nne usiku akaivua saa nane amefaulu mtihani wenu, na amelala saa zilizo mbaya kuliko zote bila kinga. Anayehangaika na barakoa mbovu usiku kucha akapata saa tatu na dakika hamsini, huyo ni mkaidi.

Kilichoniokoa ni muuguzi. Hakuwa wa kituo changu. Nilimkuta kliniki nyingine ambako nilikuwa nimemsindikiza dada yangu kwa mambo yake mengine kabisa. Alisikia nikisimulia kwenye benchi, akaniambia nije siku ya pili na mashine yangu. Alinipa dakika arobaini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniambia nilale kitandani. Akauliza nalalia upande gani. Akauliza kama napumua kwa mdomo, nikasema hapana, akashangaa kwa nini basi nimefunikwa mdomo. Akanipa barakoa ndogo ya kukaa kwenye matundu ya pua. Akasoma kumbukumbu za usiku wangu ule wa mateso, akazungumza na daktari kwa simu, wakapandisha chini kutoka 4 hadi 7 na kushusha juu hadi 12. Akaongeza unyevu wa hewa. Akaniambia tangini nitie maji yaliyokenekwa, maana maji ya kawaida huacha ukoko wa madini. Halafu akanipa kazi ambayo niliiona ya kitoto: niivae mchana, dakika ishirini, nimekaa kitini nasikiliza redio, kabla sijaidai inilaze. Mwili ujifunze kwamba kile kitu usoni si mkono wa mtu.

Usiku wa sita nililala saa tano mfululizo. Sitawadanganya kwamba baada ya hapo njia ilinyooka. Mafua yalinishika, pua ikaziba, nikaiacha siku mbili. Ukanda wa kichwani ulinichora mashavu mpaka nikawa naona haya kutoka asubuhi. Kisha siku moja nikaamka kumekucha na nikagundua kwamba sijaenda chooni hata mara moja. Nilidhani nimeumwa! Muuguzi akacheka, akanieleza: koo likiziba, kifua huvuta kwa nguvu pasipo hewa, moyo unatanuka, unadhani mwili umezidiwa maji, unaziagiza figo ziyatoe. Miaka yote ile nilikuwa nalaumu kibofu. Leo mashine yangu huonyesha matukio 2 au 3 kwa saa badala ya 38.

Dakika arobaini, waheshimiwa. Mimi si mtaalamu wa bajeti, lakini nimejaribu kuzilinganisha na gharama ya mashine iliyolala kabatini, barua mliyoiandika, mtu aliyeichapa na gari ambalo lingekuja kuichukua.

Tiba hii haikuzaliwa ndani ya boksi. Mwaka 1980 huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alitumia injini ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize, akamwingizia mgonjwa hewa puani akiwa usingizini. Barakoa za mwanzo zilibandikwa puani kwa gundi ya silikoni. Mwaka 1981 jarida la The Lancet likachapisha matokeo ya wagonjwa watano. Kabla ya hapo aliyezidiwa na ugonjwa huu alitobolewa tundu kooni. Nikiisoma habari hii kinachonigusa ni kwamba wagonjwa wale walilala maabara, mtu akiwatazama na kugeuza kitufe kidogo kidogo mpaka koo likafunguka. Injini mmeiboresha hata haisikiki. Yule wa kutazama mmemwondoa.

Nikifika kwenye ombi, sidai maabara kwa kila mtu. Nadai simu. Mgonjwa mpya apigiwe ndani ya siku tatu za mwanzo na mtu anayejua barakoa, kwa sababu imeshaonekana kwamba mwelekeo wa matumizi hujionyesha ndani ya wiki ya kwanza. Ukimpata mtu siku ya nne bado anajaribu, ukimpata wiki ya tano ameshakata tamaa na ana aibu. Barakoa ya kwanza isiyofaa ibadilishwe ndani ya mwezi bila fomu wala maswali ya kipolisi, na mgonjwa apimwe akiwa amelala. Viwango vya chini na juu viangaliwe tena baada ya wiki moja kwa kumbukumbu ambazo tayari mnazo mikononi. Na kabla barua ya vitisho haijatumwa, pawe na jina la mtu aliyezungumza na mgonjwa huyo, na tarehe. Kama jina halipo, barua isitoke.

Wapo ambao hata wakipewa yote haya mashine itawashinda. Hao nao wana ugonjwa uleule waliokuja nao. Kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kuna wanaoumwa zaidi wakilala chali ambao husaidiwa kwa kubadilishwa mlalo, kuna upasuaji kwa baadhi, kuna kupunguza uzito, na tangu Desemba 2024 Marekani imeidhinisha dawa ya sindano, tirzepatide, kwa watu wazima wenye unene uliokithiri pamoja na apnia ya wastani au kali. Kuichukua mashine na kufunga faili si mojawapo ya tiba hizo.

Najua mtakachonijibu. Mtasema mashine nyingi zinaozea makabatini, na fedha ni za umma au za wachangiaji. Ni kweli, na mimi ni shahidi, kabati lenyewe lilikuwa langu. Wengine mtaniletea utafiti wa SAVE wa mwaka 2016, wenye washiriki zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, ambao haukuona CPAP ikipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi. Nimeusoma. Wastani wa kuivaa ulikuwa saa 3.3 kwa usiku, na hata kwa saa hizo chache kusinzia kwao mchana kulipungua na hisia zao zikawa nzuri zaidi. Nikiambiwa tiba haifai, huuliza kwanza waliinywa dozi gani.

Kuna moja la mwisho, nalo ni habari zangu za usiku. Kwenye kioo cha mashine mimi huonyeshwa kikatuni cha uso unaotabasamu. Ninyi mnaona dakika, uvujaji, nguvu ya hewa na kila pumzi iliyokatika. Naomba ukurasa uleule mnaouona ninyi. Na njia hiyo ya habari iende pande zote mbili: Juni 2021 kampuni ya Philips ilipotangaza kuondoa mamilioni ya mashine kwa sababu ya sponji ya kupunguza kelele iliyoweza kuchakaa na kuvutwa na mgonjwa, wengi walikaa muda mrefu wakingoja mbadala, wasijue waendelee kuitumia au waache. Mfumo unaoweza kunitafuta kwa kupungukiwa dakika kumi unaweza pia kunitafuta mashine yangu ikiwa na hitilafu.

Barakoa yenu ya kwanza ninayo bado, ipo kwenye droo, nimeiosha. Barua ilisema nirudishe vifaa vyote. Mashine sirudishi, barakoa nielekezeni pa kuileta, huenda kuna mwenye uso wake.

Jana niliivaa mashine saa 7 na dakika 12. Ila hilo nadhani mmeshaliona.

Wenu katika matibabu,
Mgonjwa asiye na ushirikiano